Azima Isiyorudishwa: Tafakuri juu ya Seva Iliyoishiwa na Nafasi

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa maneno ambayo kompyuta humwambia binadamu, ni machache yaliyochanganya ukali na adabu kama yale yanayotolewa na seva ya PostgreSQL inapokuwa imejaa. Ujumbe huo huanza kwa neno la kutisha lenye harufu ya kifo, kisha papo hapo huomba radhi: samahani, wateja wamekwisha kuzidi. Baada ya hapo mlango hufungwa. Aliyekuwa akibisha hodi hubaki nje bila kuelezwa ni akina nani waliomtangulia, wamekaa kwa muda gani, wala watatoka lini. Ifahamike kwamba kinachokufa hapo ni ombi hilo moja tu. Seva yenyewe huwa hai, na waliomo ndani huendelea kukaa.

Insha hii inakusudia kuichunguza hali hiyo kutoka pande mbili. Upande wa kwanza ni wa kifundi: nafasi za kuunganishwa na hifadhidata huishaje, na anayeitunza afanye nini zinapokwisha. Upande wa pili ni wa lugha: je, Kiswahili kina maneno ya kulieleza jambo hili bila kulipunguzia maana? Pande hizi mbili hazikuunganishwa kwa nguvu. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba aghalabu nafasi hazimalizwi na wingi wa wanaozitaka. Humalizwa na wale waliozichukua wasizirudishe. Hoja hiyo huonekana wazi zaidi pale mtu anapolitafutia tatizo jina lake sahihi.

2.0 Jinsi Seva Inavyowapokea Wateja

Kwa kuwa tatizo lenyewe ni la jumla, yafaa kuchagua mfano mmoja na kuufuata. PostgreSQL ni programu ya kutunza hifadhidata ambayo chimbuko lake ni mradi ulioanza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ukiongozwa na Michael Stonebraker. Jina inalolitumia leo ilipewa mwaka 1996. Katika programu hii kuna mchakato mkuu mmoja unaokaa mlangoni, na kazi yake ni kusikiliza hodi. Kila mteja anapobisha, mchakato huo mkuu huzaa mchakato mwingine, humkabidhi mgeni, kisha hurudi mlangoni. Mchakato uliozaliwa humhudumia mteja huyo mmoja peke yake. Husoma maombi yake, humtafutia data, humjibu, kisha humngojea aseme tena. Mteja akiaga, mchakato wake hufa na nafasi hurudi kwa wengine. Hapana budi kuongeza kwamba mteja anayetajwa hapa kwa kawaida ni programu nyingine wala si mtu. Mtu yuko nyuma ya programu hiyo, mbele ya kioo cha kompyuta au simu yake.

Michakato hiyo haiwezi kuzaliwa bila kikomo, kwa sababu kila mmoja hula kumbukumbu ya mashine. Ndiyo maana imewekwa idadi isiyopitwa, nayo huandikwa katika kigezo kiitwacho max_connections. Asiyeibadilisha huikuta ikiwa 100. Katika hizo 100, nafasi 3 hutengwa kwa ajili ya msimamizi mkuu, hivyo watumiaji wa kawaida hubakiwa na 97. Utaratibu huu wa kutenga una hekima. Nyumba ikijaa wageni hadi barazani, mwenye nyumba bado anahitaji mlango wa uani wa kuingilia ili aone kinachoendelea ndani.

Programu nyingine za aina hii zina taratibu zinazofanana na huo. MySQL huanza na kikomo cha 151 na humwachia msimamizi nafasi moja ya ziada. Oracle nayo huhesabu michakato, na idadi inapopitwa hutoa kosa linalojulikana kwa namba yake, ORA-00020. Majina na hesabu hutofautiana, lakini kisa ni kile kile: idadi ya viti inajulikana, na siku moja vyote hukutwa vimekaliwa.

3.0 Siku ya Mwisho ya Usajili

Mtunzaji wa hifadhidata katika chuo kimoja alikutana na kisa hicho siku ya mwisho ya usajili wa wanafunzi. Ilikuwa yapata saa nane mchana. Programu ya usajili ilianza kwa kuchelewa, kisha ikakataa kabisa, na watu wa dirishani wakawa wanapiga simu mmoja baada ya mwingine. Ambaye hangesajiliwa siku hiyo angelipa faini au angekosa chumba bwenini. Kwa hiyo foleni haikuwa ya watu wenye subira. Mkuu wa kitengo alitoa shauri ambalo wengi wangelitoa: kikomo kipandishwe kutoka 100 hadi 500, seva izimwe na kuwashwa upya, kazi iendelee. Ni kweli kwamba kigezo hicho hakibadiliki mpaka seva iwashwe upya. Mtunzaji hakulikataa shauri lile. Aliomba apewe dakika 10 kwanza ili aone waliomo ndani ni akina nani.

Aliingia kwa ule mlango wa uani, akaifungua orodha inayoitwa pg_stat_activity. Orodha hii huonyesha kila mchakato unaomhudumia mteja: namba yake, jina la mtumiaji, anwani alikotoka, saa alipoingia, saa alipofungua muamala wake, hali aliyo nayo, na sentensi ya mwisho aliyoiambia seva. Mtunzaji hakusoma mstari mmoja mmoja. Alipanga kwa makundi kwanza, akahesabu. Katika wateja 97 wa kawaida, 4 walikuwa kazini, 32 walikuwa kimya, na 61 walikuwa kimya ndani ya muamala.

Tofauti ya hali hizo tatu ndiyo roho ya uchunguzi mzima. Aliye kazini anafanyiwa jambo wakati huo huo. Aliye kimya ameshajibiwa na hana deni. Ameketi tu, tayari kusema tena. Mara nyingi ni programu iliyoamua kubaki imeunganishwa ili isibishe hodi upya kila mara, na hilo si kosa. Aliye kimya ndani ya muamala ni habari nyingine. Huyo amefungua shughuli, ameanza kusoma au kuandika, kisha amenyamaza kabla ya kusema kwamba amemaliza. Seva haiwezi kumpa mtu mwingine kiti chake. Zaidi ya hayo, kama alikuwa amefunga safu fulani za data kwa kufuli ili aziandike, kufuli hilo hubaki mkononi mwake, na wanaozitaka safu hizo husimama nyuma yake. Hata usafi wa ndani wa hifadhidata, yaani kuondoa nakala zilizopitwa na wakati, huweza kuzuiwa na muamala mmoja uliosahauliwa.

Kati ya wale 61, 60 walitoka kwenye programu ya usajili, na sentensi yao ya mwisho ilikuwa moja: kutafuta kumbukumbu ya ada ya mwanafunzi. Hapa wachunguzi wasio na uzoefu hupotea njia. Wakiiona sentensi hiyo mara 60, hudhani ndiyo nzito, nao hukimbilia kuitengeneza. Lakini kwa mteja aliyenyamaza, sentensi inayoonyeshwa ni ile iliyokwisha kutekelezwa. Haisemi anafanya nini sasa. Husema tu mahali nyayo zake zilipoonekana mara ya mwisho. Swali la kuuliza ni hili: baada ya kusoma kumbukumbu ya ada, programu huenda wapi?

Jibu lilipatikana kwa kumuuliza aliyeiandika. Baada ya kusoma kumbukumbu ile, programu ilikwenda kuiuliza seva ya benki kama malipo yameingia, na wakati wote wa kusubiri jibu iliuacha muamala wazi. Siku za kawaida jibu lilirudi upesi, na hakuna aliyetambua. Siku ile benki ilikuwa ikichelewa. Na pale jibu liliposhindwa kuja kabisa, programu ilimwonyesha mwanafunzi ukurasa wa samahani na kusahau kuufunga muamala iliokuwa imeufungua. Mwanafunzi alipojaribu tena, kiti kingine kilichukuliwa. Kadiri watu walivyokata tamaa na kurudia, ndivyo viti vilivyozidi kukaliwa na wasiokuwapo.

4.0 Ukimya Hauna Maana Moja

Neno mteja, ambalo ndilo lililochukuliwa kwa maana hii ya kompyuta, lina historia inayofaa kukumbukwa hapa. Ni mnunuzi wa bidhaa. Na katika matumizi ya zamani ni pia mtu aendaye kwa mganga kutafuta tiba. Simu za mkononi zilipoenea nchini Kenya, sauti iliyorekodiwa ilimwarifu mpigaji kwamba mteja wa nambari aliyoipiga hapatikani, na wasemaji wakalichukua neno lenyewe kwa maana ya kutopatikana. Mtu ambaye simu yake imezimwa akaitwa mteja. Kwa njia hiyo neno lililomtaja anayekuja likafikia kumtaja asiyefikika.

Katika seva maana hizo mbili hukutana. Mteja amekuja, jina lake limeandikwa, kiti amekalia. Na wakati huo huo hapatikani. Seva haina njia ya moja kwa moja ya kumtofautisha anayefikiri, anayesubiri jibu la mtu mwingine, aliyesahau, na aliyekwisha kuondoka. Umeme ukikatika upande wa mteja, hakuna anayeiambia seva kwaheri. Mchakato hubaki ukingoja sauti ambayo haitasikika. Mfumo wa uendeshaji wa Linux, usipobadilishwa mipangilio yake, husubiri saa 2 nzima za ukimya kabla ya kuanza kuulizia kama mwenzake wa upande wa pili bado yupo. Kwa saa hizo 2, maiti huhesabiwa miongoni mwa walio hai.

Kwa hiyo basi, kazi ya mtunzaji siku ile ilikuwa kuamua ni ukimya upi uvunjwe. Chombo alikuwa nacho. Yapo maagizo mawili: moja husimamisha kazi inayotendeka bila kumwondoa mteja, na la pili, pg_terminate_backend, humwondoa kabisa. Kwa aliye kimya, la kwanza halifai kitu, kwa kuwa hakuna kazi ya kusimamisha. La pili hurudisha kiti, lakini kila alichokiandika mteja ndani ya muamala wake pasipo kuthibitisha hufutwa kana kwamba hakikuandikwa kamwe. Ndiyo maana ya muamala: ama mambo yote yatimie, ama lisitimie hata moja.

Wale 60 wa usajili walikuwa wamesoma tu, hawajaandika. Kuwaondoa kusingepoteza chochote. Alibaki mmoja, wa 61, aliyetoka katika ofisi ya mitihani. Muamala wake ulikuwa umefunguliwa tangu asubuhi, na ulikuwa kimya kwa karibu saa nzima. Kwa kigezo cha muda, huyo ndiye aliyestahili kuondolewa wa kwanza kuliko wote. Mtunzaji alinyanyua simu.

"Shikamoo, mwalimu. Samahani kwa usumbufu. Uko mbele ya kompyuta yako?"

"Marahaba, mwanangu. Nilikwenda kuswali, nikapitia chakula. Ndiyo kwanza naketi. Kuna nini?"

"Una alama ambazo hujazihifadhi?"

"Za darasa zima. Tangu saa nne naziingiza."

"Zihifadhi sasa hivi, mwalimu, kisha ufunge ukurasa. Nakungoja hapa hapa kwenye simu."

Programu ya alama ilikuwa ya zamani. Iliufungua muamala mtumiaji alipoanza na haikuufunga mpaka alipobonyeza kitufe cha kuhifadhi. Laiti seva ingezimwa kama ilivyoshauriwa, alama zote za asubuhi ile zingepotea, na mwalimu angezikuta hazimo bila kujua kilichozifuta. Hali kadhalika ingetokea kama mtu angetumia nguvu ya mfumo wa uendeshaji na kuuua kwa ghafla mchakato mmojawapo wa wateja. Mchakato mkuu ukiona mtoto wake amekufa kifo cha namna hiyo, hushuku kwamba kumbukumbu inayoshirikiwa imeharibika, nao huwaondoa wateja wote na kuanza kujirekebisha. Mwenye haraka ya kumtoa mgeni mmoja huwatoa wote.

Mwalimu alipothibitisha kwamba amehifadhi, mtunzaji alitoa agizo la kuwaondoa wateja wa usajili waliokuwa kimya ndani ya muamala kwa zaidi ya dakika 5. Viti vikapatikana, foleni ikasogea. Kabla ya robo saa kwisha, vilikuwa vimejaa tena.

5.0 Hesabu ya Kungoja

Kujaa huko kwa mara ya pili hakukuwa bahati mbaya. Kuna hesabu nyuma yake, nayo ni ya zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1909 mtaalamu wa hisabati wa Denmark, Agner Krarup Erlang, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha uchunguzi wake juu ya nadharia ya uwezekano na mazungumzo ya simu. Suala lake lilikuwa la aina hii hii: kampuni ina nyaya zenye idadi maalumu, watu hupiga bila kupangana, na kila mmoja huushika waya kwa muda wake. Mwaka 1961 John Little alitoa uthibitisho wa kanuni fupi inayosema kwamba, pale mambo yanapokuwa yametulia, wastani wa waliomo ndani ni sawa na idadi ya wanaoingia kwa kila kipimo cha muda, ikizidishwa kwa muda ambao kila mmoja hukaa.

Ichukuliwe kwamba maombi 4 ya usajili huingia kila sekunde. Kila ombi likishika nafasi kwa nusu sekunde, kwa wastani nafasi 2 tu ndizo zitakuwa zimekaliwa. Kila ombi likishika kwa sekunde 30, zitahitajika 120, na zilizopo ni 97. Idadi ya wanafunzi haikuongezeka hata mmoja. Kilichoongezeka ni muda wa kushika. Hapa ndipo macho ya wengi hudanganyika. Nyumba ikijaa, hutazama mlangoni kuona ni wangapi wanaingia, ilhali jibu limo ndani, kwa waliokaa.

Ama kuhusu wasiorudisha kabisa, hesabu ni kali zaidi. Ichukuliwe kwamba katika maombi 20, moja tu huacha nafasi imeshikwa milele. Kwa mwendo ule ule wa maombi 4 kwa sekunde, nafasi moja hupotea kila baada ya sekunde 5. Nafasi 97 zitajaa kwa takriban dakika 8. Nafasi 500 zitajaa kwa dakika 42 hivi. Shauri la kupandisha kikomo lingeununulia ugonjwa nusu saa na dakika chache, kwa bei ya kuwatoa wote nje, akiwamo mwalimu na alama zake.

Aidha, kikomo kikubwa kina gharama yake hata pasipo ugonjwa. Kila mchakato huhitaji kumbukumbu ya kupangia data, na kipimo kinachokutwa katika PostgreSQL ni megabaiti 4 kwa kila kazi ya kupanga, nayo sentensi moja huweza kuwa na kazi kadhaa za namna hiyo. Michakato 500 ikichacharika kwa wakati mmoja, mashine ndogo huishiwa na kumbukumbu. Hapo Linux huchagua mchakato wa kuua, na ukiwa ni wa mteja wa hifadhidata, hurudi kule kule kwa wote kutolewa nje. Kikomo kilichoonekana kama ubahili kilikuwa kinga: afadhali mmoja aambiwe samahani kuliko nyumba iwaangukie wote.

6.0 Azima, Mkopo na Bia

Katika Kiswahili, kukopa na kuazima ni vitu viwili. Anayekopa huchukua kitu cha kutumika na kumalizika, kama fedha au unga, naye hulipa kingine chenye thamani ile ile. Anayeazima huchukua kitu, hukitumia, na hurudisha kile kile: jembe, mwiko, kitabu. Mkopo una tarehe ya kulipa. Azima ina adabu ya kurudisha mara tu haja inapokwisha, kwa maana jirani naye ana shamba la kulima. Muunganisho na hifadhidata ni azima. Hauliwi ukaisha. Ulio mkononi mwa huyu ndio ambao yule anaukosa, na hakuna kingine cha kumpa badala yake. Aliyeiandika programu ya usajili hakuwa na nia mbaya. Aliuchukua muunganisho kama mtu achukuaye jembe la jirani, akaenda nalo mjini kuulizia bei ya mbegu, na siku zote alirudi upesi. Siku aliyochelewa ndipo mtaa mzima ulipojua kwamba jembe lilikuwa moja.

Tiba ilikuwa katika kuufupisha muda wa kushika. Mchana ule ule mtunzaji aliweka kanuni kwamba mteja yeyote wa programu ya usajili akikaa kimya ndani ya muamala kwa zaidi ya dakika 1 aondolewe na seva yenyewe. Uwezo huo uliingizwa katika toleo la 9.6 la mwaka 2016, na unaweza kuwekwa kwa mtumiaji mmoja pasipo kuwagusa wengine, wala hauhitaji seva kuzimwa. Huwashika wanaoingia baada ya hapo. Aliwaondoa tena wale wa zamani ili waingie upya chini ya kanuni hiyo. Ofisi ya mitihani hakuiwekea, kwa sababu ukimya wa mtu anayesoma karatasi na kuandika alama haufanani na ukimya wa programu iliyosahau. Foleni haikukimbia siku ile, kwa kuwa benki bado ilichelewa, lakini haikusimama.

Siku zilizofuata waandishi wa programu walibadilisha mpangilio wenyewe. Kumbukumbu ya ada husomwa na muamala hufungwa. Benki huulizwa wakati hakuna kilichoshikwa. Jibu likija, muamala mwingine mfupi hufunguliwa, huandikwa, hufungwa. Na katika kila njia ambayo programu yaweza kupita, ikiwamo njia ya kushindwa, kurudisha kuliandikwa waziwazi. Programu ya alama nayo ilirekebishwa, ikawa inaziweka alama kwenye kompyuta ya mwalimu na kuzituma kidogo kidogo, ili kwenda kuswali kusiwe na gharama.

Mwishowe waliweka kati ya programu na seva kile ambacho Kiingereza hukiita pool. Chombo mashuhuri cha kazi hiyo kwa PostgreSQL ni PgBouncer, kilichotolewa mwaka 2007 na mafundi wa Skype. Hupokea wateja wengi, huwashikilia mlangoni bila gharama kubwa, na huwapokezanisha nafasi chache za ndani. Kikiagizwa hivyo, humpa mteja nafasi kwa muda wa muamala mmoja tu. Hapa mfasiri mwenye haraka ataandika bwawa, naye atakuwa ameteleza. Neno hilo la Kiingereza, kwa maana ya mali ya pamoja, halikutokana na maji. Lilitokana na neno la Kifaransa lililotaja fedha ziwekwazo na wachezaji katikati. Kiswahili kina neno lake kwa jambo hilo, nalo ni bia, kwa ile maana ya zamani ya ushirika: watu huchanga bia, hununua bia, hufanya kazi bia. Leo neno hilo linawakumbusha wengi kinywaji, na huenda kwa sababu hiyo likakwepwa. Hata hivyo, miunganisho ya bia hueleza kwa usahihi kile ambacho bwawa la miunganisho hukificha: kwamba kilichomo si cha mtu, na kwamba anayekitumia ana wenzake. Bwawa huteka kila mtu apendavyo, na maji yakipungua hulaumiwa mvua. Bia ikipungua, huulizwa nani hajarudisha.

7.0 Hitimisho

Yaliyoelezwa yanatosha kuonyesha mpangilio wa kufuata pale seva inaposema kwamba wateja wamezidi. Kwanza, aingie msimamizi kwa nafasi zilizotengwa, na kwa hiyo nafasi hizo zisigawiwe ovyo kwa programu za kawaida. Pili, ahesabu waliomo kwa hali zao, kwa asili yao na kwa muda wao, kabla hajamgusa yeyote. Tatu, atenganishe ukimya usio na madhara na ukimya wenye kushika. Na katika huo wa pili, auache wa mwisho ule ambao nyuma yake pana kazi ya mtu, mpaka mtu huyo aulizwe. Nne, awaondoe waliobaki kwa agizo la hifadhidata wala si kwa kuua michakato. Tano, aitafute njia ambayo nafasi zilipita bila kurudi, kwa maana asipoiziba, kuondoa ni kuteka maji kwa pakacha. Kupandisha kikomo kuje baada ya hayo yote, na kuje kwa hesabu.

Wanaoshughulika na istilahi nao wana fungu lao katika kisa hiki. Istilahi za kompyuta zimekuwa zikiundwa kwa kuangalia sura ya neno la kigeni, na sura hiyo mara nyingi haimfundishi msemaji lolote. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba muunganisho hufunguliwa na kufungwa ataufungua na kusahau kuufunga, kwa kuwa mlango ulioachwa wazi hauonekani kumdhuru mtu. Akiambiwa kwamba muunganisho huazimwa, atauliza mwenyewe, bila kusukumwa na mwalimu, ni wakati gani wa kuurudisha.